Abiria Asiyeweza Kusema: Namna ya Kusafiri Salama na Mbwa au Paka Garini

Desemba inapofika, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Arusha hujaa magari ya familia zinazokwenda kula sikukuu nyumbani, na ile ya Nairobi kwenda Mombasa hujaa wanaoteremka pwani. Baadhi ya magari hayo hubeba mbwa au paka, ama kwa kuwa hakuna wa kubaki naye, ama kwa kuwa watoto wamekataa kumwacha. Mwenye gari huwa amekagua matairi, amebadilisha oili na kupanga wapi watakula, lakini kuhusu mnyama mpango wote huishia kwenye maneno mawili: atakaa nyuma. Makala haya yanatetea msimamo tofauti. Mnyama aliyemo garini ni abiria, tena abiria asiyeweza kujisemea. Abiria wa kawaida hujifunga mkanda mwenyewe, hufungua dirisha akisikia joto, humwomba dereva asimame akibanwa na haja, na akipotea hutaja jina lake na namba ya simu ya ndugu zake. Mbwa na paka hawawezi lolote kati ya hayo. Kila jambo ambalo binadamu hujifanyia safarini, mwenye mnyama hana budi kumfanyia mnyama wake. Na asipoweza, uamuzi wa busara ni kumwacha nyumbani.

Ndiyo maana swali la kwanza halihusu namna ya kumsafirisha, bali kama anapaswa kusafiri. Mbwa wengi wa Afrika Mashariki ni walinzi. Wanashinda bandani mchana, wanafunguliwa usiku, na gari wamelipanda mara chache tu, pengine walipopelekwa kuchanjwa. Kumchukua mbwa wa namna hiyo na kumpandisha garini kwa saa nane au kumi ni kumtia katika hofu asiyoielewa. Paka naye hufungamana zaidi na mahali kuliko watu, na wengi wao huumia zaidi kwa kuhamishwa kuliko kwa kuachwa siku chache na mtu anayewajua. Wapo pia ambao hawafai kusafiri kabisa isipokuwa kwa dharura: watoto wa mbwa na paka ambao hawajamaliza chanjo zao, majike yaliyokaribia kuzaa, wagonjwa, wazee wenye matatizo ya moyo, na, katika misimu ya joto, mbwa wa pua fupi kama pug na bulldog pamoja na paka aina ya Persian. Watu husema kumwacha mnyama nyumbani ni kumtelekeza. Si kweli, mradi kuna mtu wa kuaminika wa kumpa chakula na maji kila siku, mwenye ufunguo, mwenye namba ya daktari wa mifugo na fedha kidogo za dharura. Kumtelekeza ni kumwacha bila mpango, na kosa hilo linaweza kufanyika nyumbani au ndani ya gari vilevile.

Ukishaamua kwamba atasafiri, maandalizi yaanze wiki kadhaa kabla, kwa sababu mnyama hafundishwi siku ya safari. Weka kizimba cha kusafiria ndani ya nyumba kikiwa wazi, tandika kitambaa anachokilalia kila siku, na uwe unamwekea chakula humo hadi aingie mwenyewe bila kusukumwa. Kisha hamishia zoezi hilo kwenye gari lililosimama, injini ikiwa imezimwa. Siku nyingine washa injini bila kuondoka. Baadaye zunguka mtaa, halafu nenda mwendo wa nusu saa na kurudi. Kila hatua imalizikie kwenye jambo analolipenda, si kwa daktari wala sindano. Mazoezi haya hupunguza pia kichefuchefu, kwa kuwa sehemu ya kutapika garini hutokana na hofu, si mtikisiko peke yake. Kwa paka, anza mapema zaidi na usiharakishe. Kizimba chake kikifunikwa kwa khanga nyepesi yenye harufu ya nyumbani, huku hewa ikipita, mara nyingi hutulia kuliko anapoona miti na malori yakimpita kasi.

Sasa tufike kwenye mkanda, jambo ambalo wengi hulipuuza kwa sababu hawajapiga hesabu yake. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita karibu mita 22 kila sekunde, na kila kilichomo ndani hukimbia kwa kasi hiyohiyo. Gari likigonga kitu na kusimama, mwili usiofungwa huendelea mbele kwa kasi ileile mpaka uzuiwe na kiti, kioo au kisogo cha mtu. Kasi hiyo ni sawa na ya kitu kilichoanguka kutoka urefu wa mita 25, yaani ghorofa ya nane hivi. Mbwa wa kilo 20 akizuiwa ndani ya umbali wa nusu mita, nguvu inayohitajika kumsimamisha hukaribia uzito wa tani moja. Hata kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kwenye makazi, ni takriban uzito wa kilo 400. Paka wa kilo 4 kwenye mwendo wa 80 hudai nguvu ya kilo 200 hivi. Hakuna mikono ya binadamu inayoweza kuzuia uzito huo. Kwa hiyo mtoto aliyempakata paka hamlindi paka, na mbwa aliyelala huru kwenye kiti cha nyuma ni hatari kwa aliyeketi mbele yake. Kumfunga mnyama ni kuwalinda watu wote waliomo garini.

Njia iliyo bora kwa mbwa mkubwa ni kizimba imara kilichofungwa kisisogee, nyuma ya viti vya mwisho kwenye gari la familia ambalo sehemu ya mizigo imeungana na ya abiria. Kiwe kikubwa kiasi cha kumwezesha kusimama, kugeuka na kulala, lakini kisiwe kikubwa hata akarushwarushwa ndani yake. Asipokuwa na kizimba, avae mkanda wa kifua uliotengenezwa kwa ajili ya gari, unaozunguka kifua na mabega na kuunganishwa na mkanda wa kiti cha nyuma. Usimfunge kamwe kwa mkanda wa shingoni, kwa maana breki moja kali itapeleka uzito wake wote kooni. Hapa pia inafaa kuwa mwangalifu na maandishi ya kwenye pakiti. Mwaka 2013 shirika la Center for Pet Safety la Marekani, likishirikiana na kampuni ya magari ya Subaru, lilijaribu mikanda ya mbwa kwa kuigiza ajali, na mikanda mingi iliyouzwa kama salama ilishindwa kumzuia mbwa-bandia. Kwa hiyo tazama upana wa mkanda, ubora wa mishono na chuma cha kiungio, na usiridhike na plastiki. Paka na mbwa wadogo wakae kwenye kizimba kigumu, nacho kiwekwe sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, mahali ambapo kiti chenyewe kinakibana. Kiti cha mbele hakiwafai, kwani mfuko wa hewa wa dashibodi hufumuka kwa kishindo kinachoweza kuua mnyama mdogo.

Wapo watakaosema kwamba mbwa wamekuwa wakisafiri nyuma ya pikapu au ndani ya buti tangu magari yalipoanza kuingia nchini, na hawajafa. Hoja hii inawahesabu waliofika tu. Mbwa aliyesimama nyuma ya pikapu hana cha kujishikia gari linapokwepa shimo au kuruka tuta, na akiwa amefungwa kamba shingoni huweza kuanguka nje na kunyongwa huku dereva hajui. Bati la pikapu lililopigwa na jua la mchana huunguza nyayo zake. Ndani ya buti la gari dogo hali ni mbaya zaidi: hakuna upepo, joto hupanda, moshi wa ekzosi unaweza kupenya, na hakuna anayemwona akizidiwa. Wengine hutetea kumwacha huru ndani ya gari kwa sababu ana tabia njema na hulala njia nzima. Tabia njema haina nguvu mbele ya hesabu ya kasi tuliyoiona. Zaidi ya hayo, dereva anayegeuka sekunde mbili kumkemea mbwa akiwa kwenye mwendo wa 80 amekwenda mita 44 bila kutazama barabara, na paka aliyeshtuka hukimbilia gizani, chini kwenye pedali za breki. Uingereza imeliandika jambo hili kwenye mwongozo wake wa watumiaji wa barabara: kanuni ya 57 inamtaka dereva ahakikishe mnyama amezuiwa ipasavyo asije akamvuruga wala kumjeruhi. Sababu yake haitegemei nchi. Breki hufanya kazi vilevile Chalinze na London.

Baada ya mkanda linakuja joto, nalo katika nchi zetu ndilo muuaji wa haraka. Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu. Tezi chache alizonazo ziko kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, ili unyevu wa mdomoni na kwenye njia ya hewa ukauke na kuondoka na joto. Mwili wake kwa kawaida una nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, na ukipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika. Sasa fikiria mahali ambapo hewa ina unyevu mwingi. Ule unyevu wa mdomoni haukauki upesi, na kuhema hakusaidii tena. Ndiyo maana mbwa aliyezoea Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, akiwa na manyoya mazito ya Japanese Spitz au German Shepherd, hupata shida kubwa akishushwa Mombasa wakati wa kaskazi, hata kama bwana wake anaona hali ni ya kawaida. Panga safari ianze alfajiri, ili sehemu za nyanda za chini zenye joto, kama Same na Mwanga kwa wanaokwenda Moshi, au Voi na Mackinnon Road kwa wanaokwenda Mombasa, zisikutwe jua likiwa utosini bila sababu. Kiyoyozi kiwashwe mapema, na hakikisha hewa inafika alipo mnyama. Sehemu ya nyuma ya magari mengi haina matundu ya hewa, kwa hiyo mbele mnaweza kusikia baridi wakati nyuma anaungua.

Jambo moja katika makala haya lisingepaswa kuwa na nafasi ya mjadala: usimwache mnyama peke yake ndani ya gari lililofungwa, hata kwa muda mfupi. Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2005 katika jarida la Pediatrics walipima joto ndani ya magari yaliyoegeshwa juani, siku ambazo nje kulikuwa na nyuzi kati ya 22 na 36. Kwa wastani, joto la ndani lilipanda kwa nyuzi 22 hivi katika saa moja, na asilimia 80 ya ongezeko hilo lilitokea ndani ya nusu saa ya kwanza. Kuacha dirisha wazi kidogo hakukubadilisha hali kwa kiasi cha maana. Ukichukua mchana wa kawaida wa Dar es Salaam wenye nyuzi 31, ndani ya nusu saa gari laweza kukaribia nyuzi 49. Msemo wa "naingia dakika tano tu" hauna uzito, kwa sababu foleni ya hoteli ya njiani haipangwi na wewe, na mtu huitwa, hukutana na rafiki, hungoja chenji. Kivuli nacho huhama. Kuacha injini na kiyoyozi vikifanya kazi ni kutegemea mtambo unaoweza kuzimika bila mtu kujua, mbali na kuwa ni mwaliko kwa wezi. Kama mko wawili, mmoja abaki na mnyama nje kivulini na mwingine aingie ndani, kisha mpokezane. Kama uko peke yako, nunua chakula chako kabla ya kuondoka au ule mahali penye meza za nje.

Ujue pia dalili za mnyama aliyezidiwa na joto: kuhema kwa nguvu bila kutulia, mate mazito yanayotiririka, ufizi uliogeuka mwekundu mno au uliopauka, kuyumba, kutapika, na mwisho kuanguka na kutetemeka. Paka anayehema mdomo wazi tayari yuko hatarini. Mtoe juani, mmwagie maji mengi ya kawaida mwili mzima hasa tumboni na kwenye mapaja, mpepee au mweke kwenye upepo, mpe maji anywe kidogo kidogo bila kumlazimisha. Usimfunike kwa taulo lililolowa, kwani huzuia joto kutoka. Madaktari wa mifugo wa Uingereza sasa wanasisitiza kwamba mnyama apozwe kwanza ndipo asafirishwe, kwa sababu kila dakika anayobaki na joto hilo huongeza madhara. Akishapata nafuu bado lazima afike kwa daktari, maana figo na ini huweza kuonyesha madhara siku inayofuata. Utafiti wa Chuo cha Mifugo cha Royal Veterinary College cha London, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa takriban mbwa mmoja kati ya saba waliotibiwa kwa maradhi ya joto alikufa. Hiyo ni Uingereza, nchi ya baridi na yenye kliniki karibu. Katikati ya Mtito Andei na Voi, au kati ya Mombo na Same, kliniki si za kutegemewa kuwa karibu, kwa hiyo kinga ndiyo tiba halisi.

Kuhusu chakula, kosa kubwa ni kumshibisha asubuhi ya safari kwa kumhurumia. Mlishe kidogo saa tatu au nne kabla ya kuondoka, kisha mlo kamili aupate mkifika. Maji ni tofauti: mpe kidogo kila mnaposimama, na uyabebe kutoka nyumbani, kwani maji mageni huweza kumharisha. Usimgawie mnachokula njiani. Pilau na mchuzi vina vitunguu, na vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Mifupa ya kuku au mbuzi iliyopikwa hukatika kama vijiti vikali na kuchana utumbo, na chokoleti pamoja na zabibu ni sumu kwa mbwa. Tahadhari hiyohiyo ielekee kwenye dawa. Wapo wanaompa mnyama tembe ya binadamu ili alale au asitapike. Paracetamol huua paka, hata tembe moja yatosha, na dawa za maumivu kama ibuprofen huumiza tumbo na figo za mbwa. Dawa za usingizi hushusha shinikizo la damu, huvuruga uwezo wa kudhibiti joto la mwili na kumnyima mnyama nguvu ya kujishikilia gari linapoyumba. Anayetapika sana au mwenye hofu iliyopita kiasi apelekwe kwa daktari wa mifugo siku kadhaa kabla ya safari. Zipo dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama, na kipimo chake hufuata uzito na afya yake.

Simama kila baada ya saa mbili hivi, dakika kumi hadi kumi na tano zikitosha, lakini chagua mahali. Kituo cha mabasi kina malori, mifupa ya kutupwa na mbwa wa mitaani ambao huenda hawajachanjwa. Kituo cha mafuta chenye uwanja mpana, mbali kidogo na pampu, ni salama zaidi. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifua kabla mlango haujafunguliwa, na mtu mmoja tu apewe kazi ya kuishika, kwa maana wanyama wengi hupotea katika sekunde ile ambayo kila mtu alidhani mwenzake amemshika. Paka asitolewe nje kabisa. Funga milango na madirisha yote, kisha umfungulie kizimba kwa muda ajisaidie kwenye trei yenye mchanga sakafuni. Mkirudi garini, mpapase mbwa kwa vidole masikioni, kwapani na katikati ya nyayo kutafuta kupe, na kabla ya safari mpatie kinga ya kupe kutoka kwa daktari. Kwenye maeneo yenye ndorobo, yaani mbung'o, funga madirisha: mdudu huyu hueneza nagana, ugonjwa ambao mbwa huupata na unaweza kumwua.

Kuna mahali ambapo mnyama wako hapaswi kushuka kabisa, napo ni ndani na kandokando ya hifadhi za taifa. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na ile ya Nairobi kwenda Mombasa inapita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Nyani huketi ukingoni mwa barabara hizo, na dume la nyani lina meno ya kumrarua mbwa mkubwa. Lakini hatari inakwenda pande zote mbili. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao kwa kawaida ni wa mbwa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa kufugwa wa maeneo ya jirani. Mbwa mmoja anayeonekana mzima anaweza kubeba ugonjwa ambao wanyamapori hawana kinga nao. Kwa hiyo familia inayotaka kutembelea hifadhi katika safari hiyohiyo ichague moja: ama mbwa, ama hifadhi. Kumwacha garini getini kwa nusu siku si njia ya tatu, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa.

Mfano wa Serengeti unatuonyesha kwa nini chanjo si karatasi ya kumridhisha ofisa. Mbwa ndio chanzo cha takriban asilimia 99 ya vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, na ugonjwa huu husafiri pamoja na mbwa wanaosafirishwa na watu. Kisiwa cha Pemba kilikuwa kimeumaliza kwa kampeni za chanjo, kisha mwaka 2016 ukarudi, na uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulionyesha kwamba uliletwa upya kutoka Tanzania Bara. Kazi ya miaka ilirudishwa nyuma kwa mbwa kuvushwa. Mbwa au paka wako achanjwe angalau mwezi mmoja kabla ya safari kama ndiyo chanjo yake ya kwanza, kwa kuwa kinga huhitaji wiki kadhaa kujengeka. Ikiwa ni ya kurudia, hakikisha haijapitwa na tarehe. Beba kadi ya chanjo ndani ya gari, si picha yake tu. Ofisi ya mifugo ya wilaya au halmashauri yako itakueleza vibali vinavyotakiwa kumhamisha kutoka mkoa hadi mkoa. Anayevuka Namanga, Holili au Horohoro ajue kuwa amekwenda nchi nyingine: anahitaji cheti cha afya kutoka alikotoka na kibali cha kuingiza mnyama kutoka idara ya mifugo ya anakokwenda, na vyote viombwe mapema. Akitokea mbwa yeyote akamng'ata mtu njiani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo, bila kungoja kuona mbwa ataugua au la.

Abiria anayepotea lazima atambulike. Mkanda wa shingoni uwe na kibati chenye namba ya simu itakayokuwa hewani safarini, si ya mezani nyumbani. Kwenye simu yako uwe na picha zake za karibuni, moja ikionyesha uso na nyingine alama za mwilini. Chipu ya chini ya ngozi, yenye namba yake ya kipekee ya tarakimu 15, ni nzuri kwa sababu haivuki wala haikatiki, lakini husomwa kwa mashine ambayo mwanakijiji aliyemwokota mbwa wako hana. Kibati cha shilingi chache ndicho kitakachomfanya akupigie. Mnyama akitoroka njiani, acha mahali hapo kitambaa chenye harufu yako na chombo cha maji, waeleze wenyeji na madereva wa bodaboda, na urudi mara kwa mara. Paka hasa hujificha karibu na alipotokea, akawa kimya kwa saa nyingi.

Safari haiishii mlangoni mwa mwenyeji, na hapo heshima ina nafasi yake. Usifike na mbwa kabla ya kuuliza. Katika nyumba nyingi za Waislamu, hasa za pwani zinazofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi na kinachoguswa nayo huhitaji kuoshwa kwa utaratibu maalumu. Mwenyeji anaweza kumkaribisha kwa moyo wote akae uani na asimruhusu sebuleni, na hilo halipaswi kumkwaza mgeni. Uliza pia kama kuna kuku, mbuzi au mbwa mwingine, kama uzio una mianya, na kama watoto wa pale wanaogopa mbwa. Ukifika, mpeleke akiwa na kamba azunguke uwanja mzima kabla ya kumwachia. Paka afungiwe chumba kimoja chenye trei yake, maji na kizimba kilichofunguliwa mlango, na asitolewe nje siku za mwanzo, kwani paka mgeni hajui njia ya kurudi.

Pingamizi la mwisho, na ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa zaidi, ni kwamba haya ni mambo ya matajiri, na mbwa ni mbwa. Tazama basi gharama yenyewe. Kuondoka alfajiri hakugharimu kitu. Kutomwacha garini hakugharimu kitu. Maji ya chupa, kibati cha namba ya simu na kadi ya chanjo ni vitu vya bei ndogo kuliko chakula cha mchana cha familia njiani. Kilicho ghali ni mkanda au kizimba, na kizimba fundi seremala au wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa kufuata vipimo vya gari lako, mradi kiwe na matundu ya hewa kila upande, kisiwe na ncha kali, na kifungwe kwenye vishikizo vya sakafu. Na hata asiyemjali mbwa ana sababu ya kujali, kwa kuwa mnyama asiyefungwa huvunja shingo ya mtu, mnyama asiyechanjwa hupeleka mauti kijiji kingine, na dereva aliyevurugwa hugonga gari la familia isiyohusika. Kwa hiyo kabla ya kuwasha gari, jiulize mambo matano: atafungwaje, atapumuaje, atakunywa na kujisaidia wapi, atatambulikaje akipotea, na anakokwenda wanamtarajia? Mwenye majibu ya yote matano na asafiri naye, na safari itakuwa ya furaha kwa wote. Mwenye kukosa jibu la hata moja amtafutie mlezi mwema nyumbani, na asione aibu yoyote kwa uamuzi huo.